Nimetumwa kumtembelea dada aliyeachika. Nikifika niseme nini, na ninyamazie nini?

Fundi wa Mwanga, Kigoma. Jumatatu, saa 4 usiku

Bwana asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wale mnaoitika Milele Amina. Mimi ni mama wa makamo, nashona hapa Mwanga, cherehani yangu iko barazani ukitokea sokoni. Kwaya nyingi za mji huu nimezishonea mimi, kwa hiyo dhehebu langu silitaji, maana mtanijua kabla sijafika mbali.

Swali langu limeanzia kwenye gauni.

Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya yetu alimtuma kijana aniletee mfuko. Ndani mna sare moja, gauni la damu ya mzee lenye kola nyeupe, na kikaratasi: "Fundi, punguza inchi mbili kiunoni, mvaaji mpya ni mwembamba." Kazi ya nusu saa hiyo. Sasa mimi kila sare ninayoshona naweka herufi mbili za mwenyewe ndani ya kola kwa uzi mweupe, kwa sababu siku za tamasha magauni hupotezana na watu hutukanana. Nikageuza kola nione lilikuwa la nani. Ni la dada mmoja wa sauti ya pili, mama wa watoto watatu, ambaye talaka yake imetoka Mahakama ya Mwanzo mwezi juzi.

Nimeulizauliza. Hakuna aliyemwambia kwamba ametolewa kwaya. Aliambiwa "pumzika kidogo mpaka mambo yatulie", kisha akaombwa sare "ikafuliwe na zenzake". Yeye mpaka leo anajua iko kwenye beseni la mtu.

Jumapili hiyohiyo mchungaji wetu, kijana mgeni hapa, hana hata mwaka, akaniita pembeni baada ya ibada. "Mama, wewe uko kwenye kamati ya akina mama, nenda ukakae na yule dada." Nikamwuliza nikamwambie nini. Akasema Roho atakuongoza. Sikatai, Roho anaongoza. Ila mara ya mwisho aliponiongoza kwenye jambo kama hili nadhani sikuwa nasikia vizuri, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwaka jana tulikwenda wanne kwa dada mwingine aliyekuwa amerudi kwao Ujiji. Tulibeba kitenge, sukari kilo mbili na Biblia nne. Tukamweka kwenye kigoda katikati yetu, kama anasomewa mashtaka. Tukaimba, tukasoma, tukaomba karibu saa nzima Mungu amrudishe kwa mume wake na avunje roho ya talaka. Alipoinuka kutumiminia chai aliushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua kama mtu anayeinua kitu cha mwenzake. Mimi ni fundi, jamani. Bega lililoshuka naliona mtu akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. La kwake lilikuwa limeshuka vidole viwili. Niliona, nikajua, nikafumba macho, nikaendelea kuomba arudi.

Hakurudi kwa mume, na kanisani hakurudi. Nasikia alipanda treni akaenda Tabora kwa dada yake.

Basi naomba wenye uzoefu, hasa mliopitia, mniambie bila kunionea haya. Nimwulize kilichotokea au nisiulize? Akiniuliza kama bado anaruhusiwa kushiriki meza ya Bwana, nijibu nini? Na hili gauni nimwambie, au nikae nalo kimya? Bado liko hapa kwenye msumari, na mwalimu analitaka Jumamosi.

Askari wa Imani, Gungu. Jumatatu, saa 5 usiku

Mama, pole na kazi ya Bwana. Mimi nasema tusijifanye wapole kuliko Maandiko. Malaki 2:16 Mungu anasema anachukia kuachana. Yesu katika Mathayo 19 amerudia. Ukianza kumbembeleza mtu aliyeachika, wale wanaovumilia kwenye ndoa zao watakuonaje? Nenda, mpe neno, atubu, arudi kwa mumewe au akae hivyohivyo. Kwaya ni madhabahu, si mahali pa kujifunzia.

Mama Asali, Isevya, Tabora. Jumanne, saa 12 asubuhi

Mwangaluka mama fundi. Nimeamka kuchuja asali, nikakuta swali lako, nimeacha ndoo wazi na nyuki wanaingia. Niandike haraka.

Askari wa Imani, nakuheshimu, lakini huo mstari wa Malaki usome mpaka mwisho. Unaendelea kumtaja mtu aifunikaye nguo yake kwa udhalimu. Mimi nilihubiriwa nusu ya kwanza miaka mingi sana, nusu ya pili niliikuta mwenyewe usiku mmoja natafuta kitu kingine kabisa.

Mama, mimi niliachika miaka sita iliyopita. Nikueleze yaliyonipata, wewe utachambua.

La kwanza ni bahasha. Kwetu kila Januari kila nyumba inapewa bahasha za ahadi, zimechapwa jina juu: Familia ya Bwana na Bibi fulani. Nilipotoka kwenye ile nyumba, bahasha ziliendelea kupelekwa kwa mwanamume, ambaye tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani hata kwa kupita njia. Mimi sikupewa. Nikawa natoa sadaka yangu kwenye kapu bila jina, mwaka mzima. Desemba wakasoma orodha ya watoaji mbele ya watu, jina langu halimo, na mzee wa mtaa akanifuata mpaka gengeni kuniuliza kwa nini nimepoa kiroho.

Pili, sala za nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwangu wananiruka. "Ni kachumba kamoja, tusikubane dada." Nina chumba kimoja, ndiyo, lakini nina na mkeka, na nje kuna mwembe mkubwa ambao watu thelathini wanakaa bila kugusana.

Tatu ni wenzangu wanawake. Nikimsalimu mume wa mtu, mkewe anatokea ghafla kama mwanga wa umeme. Wengine kati ya hao waume, Mungu anisamehe, hata wangegawiwa bure na gunia la mahindi juu nisingewachukua.

Na nne, ambalo watu hawalifikirii kabisa: ile Jumapili mchungaji anaposema wanandoa wote simameni, mshikane mikono, tuwaombee. Mimi kila mwaka naenda chooni. Choo chetu nakijua kila tofali.

Sasa kilichonisaidia. Siku moja alikuja katibu wa usharika, mzee mwenye miwani imefungwa uzi, amebeba lile daftari kubwa la washirika kwapani. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye ndoo ya asali iliyogeuzwa. Akafungua ukurasa, akachomoa kalamu, akaniuliza: "Dada, jina lako tuandike vipi?" Yaani nibaki na jina la yule bwana au nirudi kwenye la baba yangu. Nililia siku ile kuliko nilivyolia mahakamani. Mwaka mzima watu walikuwa wananiuliza maswali nisiyokuwa na jibu lake, kwa nini hukuvumilia, sasa itakuwaje, watoto je. Hilo moja nililijua jibu. Nikamwambia andika la baba. Akaandika, akapuliza wino ukauke, akasema bahasha yako itafika Jumapili. Ikafika.

Kwa hiyo mama, nenda peke yako. Watu wanne ni kikao. Usiulize kilichotokea. Akitaka atasema mwenyewe, na huenda ikawa safari yako ya tatu au ya nne, tena mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele. Uliza vitu vyenye majibu: watoto wanasoma wapi, nani anawafuata, kodi ya chumba inalipwa lini. Usimwambie "Mungu atakupa mwingine", maana hajapoteza ndoo. Usiombe arudi mpaka akuombe yeye uombe hivyo. Na mwulize Jumapili anakaa benchi lipi, halafu wewe ukakae hapohapo, ulitandaze hilo gauni lako la kifundi usimwachie mtu nafasi.

Kuhusu ile sare, mwambie. Akija kuiona kwenye mwili wa mtu mwingine, na ajue ulilipunguza wewe, hutamwona tena.

Fundi wa Mwanga. Jumanne, saa 2 asubuhi

Mama Asali, nimesoma mara mbili huku mteja anasubiri suruali. Habari ya bahasha imenichoma kwa sababu hata za kwetu zimechapwa hivyohivyo na wala sikuwahi kuziangalia. Ngoja niulize zake zinapelekwa wapi.

Katekista Mstaafu, Tabora. Jumanne, saa 8 mchana

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nimefundisha dini miaka mingi vijijini upande wa Kipalapala, sasa nimechoka magoti. Dada fundi hujasema dhehebu lako, kwa hiyo hili la meza ya Bwana mwulize mchungaji wako taratibu za kwenu, tena mwulize kabla hujaenda, usiende kubahatisha. Makanisa mengine yanamfungia mtu kwa muda na kumrudisha kundini baadaye, mengine hayamfungii aliyeonewa. Mimi nitasema ya kwetu, kwa sababu humu wamo Wakatoliki wengi wanaosoma bila kuandika.

Kulikuwa na mama mmoja kigangoni kwangu. Mume alimwacha, akaenda kuoa mbele ya safari, na talaka ya serikali ikatoka. Mama akabaki na watoto wake, hakuolewa wala hakuishi na mtu. Akaacha kukomunika, yaani kushiriki meza ya Bwana. Miaka tisa. Kila Misa anakuja, wakati wa kupanga mstari anabaki amepiga magoti. Padri mpya alipomwuliza kwa nini, akajibu: nimeachika, niliambiwa siruhusiwi. Padri akamwambia hakuna anayekuzuia, mama, kaungame kama watu wote, kisha ukomunike.

Niliyemwambia haruhusiwi nilikuwa mimi.

Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa sijui. Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza wazi katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu familia: aliyeachwa na hakufunga ndoa nyingine hana kizuizi cha sakramenti kwa sababu ya kuachwa kwake. Katekisimu nayo, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2386, inatenganisha kabisa mtu aliyejitahidi kuwa mwaminifu akaachwa bila haki na mtu aliyeibomoa ndoa kwa kosa lake zito. Kinachozua swali la komunyo ni kuingia ndoa nyingine au kuishi na mtu mwingine wakati ile ya kwanza bado inahesabiwa ipo. Na hata hao hawakutengwa na Kanisa. Papa Fransisko mwaka 2016 alisisitiza wasindikizwe, hali ya kila mmoja iangaliwe kwa uzito wake.

Jambo jingine ambalo watu hulisema vibaya vijiweni ni eti "padri amevunja ndoa". Kanisa halivunji. Mahakama ya Kanisa inachunguza kama siku ile ya harusi ndoa ilifungika kweli: je, kulikuwa na hiari, kulikuwa na udanganyifu mzito, mmoja wao alikusudia tangu mwanzo kukataa watoto au uaminifu. Ikionekana haikufungika, inatangazwa kuwa batili. Zamani hukumu ilihitaji kuthibitishwa na mahakama ya pili, mtu anaweza kuzeeka akisubiri. Tangu tarehe 8 Desemba 2015, kwa agizo la Papa Fransisko, hukumu moja inatosha ikiwa hakuna aliyekata rufaa, na kuna njia fupi mbele ya askofu mwenyewe pale ambapo wote wawili wanakubaliana na ushahidi uko wazi. Kwa hiyo anayetaka kujua hali yake aende kwa paroko, asije kwa katekista mstaafu wala asikubali maneno ya kwenye foleni ya maji.

Yule mama nilimfuata kumwomba radhi. Alinikaribisha uji. Miaka tisa hairudi kwa uji, lakini nilikunywa.

Mjumbe wa Zamani, Kasulu. Jumanne, saa 1 usiku

Nimewahi kukaa baraza la kata huku Kasulu, nataka kuongeza la kisheria kidogo, kwa sababu makanisa yetu yanachanganya mambo haya na anayeumia ni mwenye shida.

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mtu hawezi kwenda tu mahakamani kudai talaka. Kwanza shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, baraza lijaribu kuwapatanisha, likishindwa litoe hati ya kusema limeshindwa, ile wanayoiita Fomu Namba 3. Yapo mazingira ambayo sheria inaruhusu kuruka hatua hiyo, mfano mwenzio amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa barazani akakataa kuja makusudi. Barua ya mchungaji yenye muhuri si fomu hiyo, labda kanisa lenyewe liwe na baraza lililoundwa kisheria. Nimewaona watu wamezungushwa kwenye kamati ya kanisa miaka miwili mitatu, wakija kwetu wanakuta hawajaanza hata hatua ya kwanza.

Huyo dada yako talaka imeshatoka, sawa. Lakini mwulize, kwa upole na kwa wakati wake, kama mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto vilitajwa kwenye hukumu. Wengi wanatoka na karatasi ya talaka peke yake wakidhani ndiyo mwisho. Na asikubali kuambiwa hakuchangia kwa sababu alikuwa nyumbani. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kuamini ni vema akae na mama yake, ingawa mahakama inaweza kuona vingine kwa masilahi ya mtoto. Baba asipotoa matunzo, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo.

La mwisho, na mama fundi usikasirike. Ulichokiona kwenye lile bega mwaka jana hakikuwa cha kuombea peke yake. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Swali la kwanza kabisa la mtu aliyetumwa na kanisa, kabla ya Biblia kufunguliwa, ni hili: uko salama? Yule mwanamume anajua unapolala? Anakuja usiku? Ukishajua jibu ndipo uimbe.

Baba wa Katubuka, Kigoma. Jumanne, saa 4 usiku

Niseme kidogo kwa upande wa wanaume. Mimi nimeachwa, ndiyo, mwanamume naye anaachwa. Mke aliondoka nikiwa safarini ziwani. Mnavyolalamika kuwa mlitembelewa vibaya, mimi sikutembelewa kabisa. Wazee wa kanisa walinisubiri nje ya mlango wa ibada wakanigonga bega: "kaza moyo, wewe ni mwanamume". Baada ya miezi minne wakaanza kuniletea majina ya mabinti. Hakuna aliyewahi kuniuliza nala nini. Nilikuwa nakula dagaa wale wale asubuhi na jioni, tena bila kuwaosha mchanga.

Kwaya mimi sikunyang'anywa sare. Nimebaki nayo na nikaendelea kuimba besi kama hakuna kilichotokea. Nimesoma habari ya hilo gauni nikaona aibu kidogo, maana kesi zetu ni zilezile.

Askari wa Imani, Gungu. Jumatano, saa 1 asubuhi

Nimesoma yote. Msimamo wangu kuhusu ndoa sijaubadili. Ila hilo la kuchukua sare kwa uongo wa kufua si sawa, uongo ni uongo.

Fundi wa Mwanga. Ijumaa, saa 3 usiku

Nimekwenda. Nawaeleza kama ilivyokuwa.

Kwanza nilimfuata mchungaji jana asubuhi nikamwuliza mambo mawili. La meza ya Bwana akasema hakuna aliyemfungia, kwa hiyo ashiriki, na atamwambia mwenyewe kwa kinywa chake asisikie kwangu. La pili nikamwuliza nani alimtoa kwaya. Akanitazama. Hakuwa na habari. Tukamwita katibu, akafungua faili la mihtasari, hakuna kikao kilichokaa, hakuna mstari ulioandikwa. Mwalimu wa kwaya na watu wawili walikubaliana njiani wakirudi msibani. Na bahasha zake? Zinapelekwa kwa mwanamume, kama za Mama Asali. Katibu ameahidi kuchapa nyingine. Wetu hana miwani ya uzi lakini tumwamini.

Jioni nikaenda peke yangu. Sikubeba Biblia mkononi, ilikuwa mkobani, sikuitoa. Nilibeba migebuka miwili, tepu ya kupimia na lile gauni. Anakaa chumba cha nyuma, Katubuka. Nilipofika alikuwa anamkosha mdogo, nikakaa kizingitini nikamshikia taulo. Tukaongea habari za bei ya mawese, na shule ya mkubwa. Ada hakuna, shule ni ya serikali, lakini viatu vimekwisha.

Nikamwuliza kama yuko salama. Nilifanya mazoezi ya swali hilo njia nzima, bado lilitoka limepinda. Alinyamaza kidogo, akasema mwanzoni yule mwanamume alikuwa anakuja kugonga dirisha, siku hizi haji tangu baba mwenye nyumba aweke taa ya nje. Nikamwambia kuna dawati polisi, akisumbuka tena nitakwenda naye, hata kama nina foleni ya sare za Pasaka. Akaitikia kwa kichwa. Kilichotokea kwenye ndoa sikuuliza, naye hakusema.

Ndipo nikatoa gauni. Nikamweleza lilivyofika kwangu, kikaratasi na yote. Sikumtaja mtu, ila najua anamjua. Alilishika akageuza kola, akaziona herufi zake, akasema, "Kumbe halikuwa kwenye beseni." Akacheka. Sikutegemea acheke. Nikamwambia mchungaji amesema hakuna aliyekutoa, na kikaratasi kinataka inchi mbili, hebu simama nikupime wewe.

Akasimama. Nikazungusha tepu kiunoni. Gauni lile nilimpima mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, vipimo vyake viko kwenye daftari langu. Amepungua inchi tatu na nusu. Mvaaji mpya alitaka mbili.

Nimelipunguza leo. Sikukata kitambaa cha ndani, nimekikunja tu nikapiga mshono wa mbali mbali, akinenepa nafumua dakika tano. Kesho nampelekea, na Jumapili nitakaa benchi la nyuma ya sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya amenipigia mara tatu, nimemwambia azungumze na mchungaji. Hajafurahi. Sijui Jumapili itakuwaje, nitawaambia.

Baba wa Katubuka, kumbe ni jirani yake. Wewe nakuletea mgebuka wiki ijayo, na hao dagaa uwe unawaosha.

Sasa yule binti mwembamba hana kosa, naye anahitaji sare. Nitamshonea ya kwake, kitambaa nanunua mimi. Ile jora ya zamani imekwisha na ya duka la hapa sokoni ukiifua mara mbili inakuwa rangi ya matofali. Mwenye kujua duka la Ujiji lenye damu ya mzee isiyochuja aniambie kabla ya Jumatano, na aseme bei ya mita.